Ubani Nyuma ya Kikombe

Mvuke wa chai hauonekani kwenye simu. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofunzwa na kazi yangu. Unaweza kumimina chai inayotokota, ukapiga picha papo hapo, na kwenye picha ikaonekana imelala tangu jana. Nilijaribu sufuria ya maji moto nyuma ya kikombe, nikajaribu pamba iliyoloweshwa, nikamwomba jirani anipulizie moshi wa sigara akanitukana. Mwisho nikagundua ubani. Unaficha chetezo kidogo nyuma ya kikombe, makaa mawili, kipande cha ubani, na moshi unapanda mwembamba mbele ya ukuta. Watu nisiowajua, walio miji nisiyowahi kufika, wanaandika chini ya picha kwamba wanasikia hadi harufu ya iliki.

Udi nao ungefaa, ila udi ni ghali na moshi wake ni wa bahili. Ubani ni rahisi na moshi wake ni wa kutosha. Mtu yeyote wa Mji wa Kale angenionya, lau ningeuliza, kwamba udi hufukizwa harusini na ubani hufukizwa msibani. Sikuuliza. Nilikuwa nawaza moshi tu.

Zamani nilikuwa karani katika ofisi ya kuuza tikiti za ndege. Ofisi ilipofungwa nilibaki na simu nzuri na baba mmoja. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, mama ameshatangulia mbele ya haki na ndugu zangu wote wako Arabuni. Nikaanza kupiga picha vyakula nilivyompikia Baba na kuviweka kwenye mtandao wa picha: mahamri na mbaazi za nazi, viazi vya karai, samaki wa kupaka. Nilivipiga nje, mlangoni, kwenye uchochoro wetu, kwa sababu ukuta wetu wa nje ni mweupe na unapokea mwanga vizuri. Wafuasi wakaongezeka. Kampuni ya mafuta ya kupikia ikanitafuta, kisha ya unga, na nyumba yetu ikaanza kula kwa simu.

Ukuta ule aliupaka Baba. Alikuwa fundi chokaa kwa miaka arubaini, na kutoka Buxton hadi Ndia Kuu huwezi kutembea naye bila kuonyeshwa kuta. "Ule wangu. Na ule. Ule si wangu, tazama unavyolia." Magoti na kifua vilimwondoa kwenye kazi. Siku alipouza ngazi yake hakusema na mtu hadi kesho yake.

Ugomvi wetu ulianza siku niliyotaka kumfurahisha. Nilimwonyesha picha ya samaki iliyokuwa imependwa kuliko zote. Baba alivaa miwani, akaisogeza simu, akaivuta.

"Ukuta gani huu?"

"Wetu, Baba."

"Wetu mweupe. Huu waridi."

"Hiyo ni filta. Yaipa picha joto."

"Nani kakwambia ukuta wangu waona baridi?"

Akatoka nje, akaugusa ukuta kwa kiganja, akarudi. Akauliza kama kampuni ilinilipa kwa picha ile. Nikasema ndiyo, na kwa kiburi changu nikaongeza kwamba hata samaki aliyemla mchana alitokana nayo. Baba alivua miwani, akaikunja.

"Miaka arubaini sikutia maji kwenye chokaa ya mtu," alisema. "Pesa ya rangi ya uwongo sili."

Nilidhani ni maneno ya hasira. Kumbe mwenzangu alikuwa ametoa hukumu. Kesho yake alinunua kopo la sukari la peke yake, akalipiga alama ya chokaa, akaliweka juu ya kabati mbali na langu. Akanunua chumvi yake na majani yake. Alikuwa na kodi ndogo ya kijistoo cha chini alichompangisha muuza viatu, na hiyo ndiyo aliyoishi nayo. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri alitembea hadi Makadara kunywa chai katika kijihoteli, akarudi saa nne na mkate ndani ya gazeti, na huo ndio ukawa chakula chake cha mchana.

"Na maji ya mfereji, Baba?" nikamwuliza siku moja, nimekasirika. "Nayalipia mimi."

Jioni ile alirudi na dumu kutoka kisima cha msikiti.

Nikaenda kwa mwalimu mmoja wa dini, mtu wa kuheshimika, nikamweleza kisa chote, pamoja na filta. Alinisikiliza bila kucheka, jambo ambalo hadi leo namshukuru. Akasema maadamu chakula ni cha kweli na sidanganyi watu bei, riziki hiyo ni halali, na baba yangu ale. Nilikimbia nyumbani na fatwa yangu.

"Mwalimu yule naijua nyumba yake," Baba alisema. "Niliipaka mimi. Ajua Kurani, hajui rangi."

Miezi minne tulikaa hivyo. Watu wasionijua walikuwa wanayamezea mate mahamri yangu, na mtu wa pekee niliyetaka ayale alikuwa chumba cha pili anatafuna mkate mkavu. Alianza kukonda. Kofia ikamlegea kichwani. Usiniambie habari za wafuasi. Nilitaka afuate mmoja tu, anifuate hadi mezani. Iliniuma, na kwa kuwa mimi nikiumwa hupiga kelele, nilipiga kelele sana miezi ile, na hakuna kilichobadilika.

Ndipo ikaja kampuni ya majani ya chai. Binti wa kampuni alinipigia simu kutoka Nairobi, sauti tamu kabisa. Walitaka video: ukoo mzima umekusanyika kwa chai ya asubuhi, uchochoroni, wamekaa chini, wamevaa nguo nyeupe. "Tunataka ile hali yenu ya huko Coast," alisema. Nikamwambia hali ipo. Ukoo ndio sikuwa nao.

Niliazima. Wanaume wanne waliozoea kushinda kwa kinyozi walikubali kuvaa kanzu na kukaa, mradi watapewa kifungua kinywa. Majamvi nikayafuata kwenye stoo ya msikiti. Mwenye ufunguo aliniuliza nataka mangapi, nikasema yote. Akainamisha kichwa, akanisaidia kuyabeba hadi mlangoni, na hakunidai rehani ambayo hudai kila mtu. Nikasema moyoni, watu wamekuwa wema siku hizi.

Nikayatandika majamvi uchochoro mzima. Wale wanne nikawakalisha, nikawaambia wasizungumze mpaka niwape ishara. Wakainama kila mtu na simu yake mapajani. Chetezo nikakiweka nyuma ya birika, nikakitilia ubani wa kutosha, maana safari hii vikombe vilikuwa vingi. Simu yangu nikaisimamisha kwenye miguu yake mitatu upande wa pili, nikaiacha inarekodi ili nione mwanga unavyokuja, nikaingia jikoni kutoa mahamri.

Sasa itazame picha hiyo kwa macho ya jirani. Majamvi ya msikiti mlangoni. Wanaume wanne wa kanzu, kimya, vichwa chini. Moshi wa ubani hadi ghorofani. Na mzee wa nyumba hiyo, ambaye wiki nzima mtaa wote umesikia anakohoa, hayupo.

Wa kwanza kufika alikuwa muuza kahawa na dele lake, birika la shaba, kwa sababu muuza kahawa hujua msiba kabla ya maiti. Alikaa kwenye jamvi, akaanza kumimina. Mimi sina habari, niko jikoni. Nilisikia kilio, nikageuka na sinia mkononi, na jirani yetu wa mkabala alikuwa ameshaingia na leso kichwani, akanikumbatia pamoja na sinia.

"Sabiri, mwanangu. Sabiri."

"Kuna nini?"

"Babako, mwanangu. Babako."

Nilimwamini. Nilijua Baba yuko Makadara na magoti yake mabovu, na nikajua ameanguka huko na habari imemfikia jirani kabla yangu. Sinia ilianguka. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikalia kwamba amekufa na njaa, amekufa hajala changu. Kilio hicho kikatoka dirishani, na wale wachache waliokuwa bado na shaka wakaenda kuvaa kofia.

Baada ya muda nikapata pumzi ya kuuliza. "Kafia wapi?"

Jirani akanitazama. "Wewe ndiwe ujuaye, mwanangu. Sisi tumeona majamvi tu."

Nikaelewa. Nikaanza kucheka na machozi yakinitoka, jambo ambalo halikunisaidia.

"Hajafa!" nikasema. "Hajafa, yuanywa chai Makadara!"

"Ndivyo tusemavyo sote," alisema mama mmoja mnene aliyekuwa ameshakaa kitandani kwangu. "Mimi mume wangu nlimwekea chakula siku tatu."

Chumba kilikuwa kimejaa. Wakanivika leso, wakanikalisha pembeni, wakanishika mabega. Kila nilipojaribu kuinuka, mikono minne ilinirudisha chini kwa mapenzi. Kila niliposema Makadara, walitazamana wakatikisa vichwa. Mmoja akauliza maiti iko wapi, mwenzake akamwambia anyamaze, asinitoneshe.

Yaliyotokea nje nayajua kwa sababu simu ilirekodi yote.

Wanaume wanajaa. Wale wanne wa kwa kinyozi, ambao walijua hakuna msiba, wanatazamana, kisha wanaonekana wamekata shauri kwamba hawa wengine nao ni waigizaji, tena hodari. Mmoja wao anaanza kujifuta machozi ili asipitwe na kifungua kinywa. Vikombe vyangu vya chai vinapitishwa. Muuza kahawa yumo kila mahali na dele lake.

Kisha Baba anaingia kutoka upande wa kulia, na gazeti lake kwapani. Anasimama. Anaona majamvi, anaona ubani. Katika nyumba ile walikuwa wakiishi watu wawili, na mmoja wao alikuwa yeye. Gazeti linaanguka. Anaweka kiganja ukutani, anashuka nao kidogo, na uso wake siwezi kuueleza. Aliyesimama karibu naye ni mpangaji wa nyumba ya pili, mtu wa bara afanyaye kazi bandarini, Mkristo, aliyekuja kwa ujirani mwema na hakuwa akimjua Baba kwa sura.

"Ni nani?" Baba anamwuliza. Sauti haisikiki vizuri, ila midomo inasomeka.

"Ni mzee wa hii nyumba," anajibu yule bwana kwa adabu. "Yule alikuwa fundi wa kupaka chokaa."

Baba anafumba macho.

"Alhamdulillahi," anasema.

Yule bwana anageuka kumtazama. "Mzee, mtu amefariki."

"Nimesikia. Alhamdulillahi, alhamdulillahi."

Anakaa mwisho wa jamvi. Mtu anampa kikombe bila kumtazama, maana msibani watu hutazama chini. Ni chai yangu, kwa sukari yangu. Anainywa yote.

Akabaki pale anasikiliza matanga yake. Mmoja alisema ukuta wa fundi ulikuwa haubambuki miaka kumi. Baba akatikisa kichwa kukubali. Mwingine akasema alikuwa mkali lakini hakuwa mwongo. Baba akakubali na hilo. Kisha muuza viatu, mpangaji wetu wa chini, akaona naye aseme la kumsifu marehemu.

"Na mwisho wake Mungu alimstahi," alisema. "Alilishwa na bintiye mpaka siku yake ya mwisho."

"Sijalishwa na mtu mimi!"

Sauti hiyo niliisikia nikiwa ndani. Ilinyanyuka juu ya vilio vyote, na vilio vikakatika. Nje vikombe vya kahawa vilianguka kwa pamoja. Mtu mmoja akatoa shahada. Mwingine akakimbia akaacha makubadhi yake na kuondoka na kikombe changu, na hadi leo sijakiona. Nilizitupa zile leso, nikatoka.

Baba alikuwa amesimama katikati ya jamvi. "Mimi ndiye hulisha!" aliwaambia watu wote wale. "Miaka arubaini nimelisha nyumba hii kwa mikono hii. Leo nikae nilishwe na mtoto, mimi ni nani? Nitakuwa bado ni mimi?" Kisha akaniona mlangoni. Akaliokota gazeti lake, akanipita, akaingia chumbani.

Watu wakaondoka pole pole, wengine wakimshukuru Mungu, wengine wakininong'oneza laana. Mimi nilibaki natazama ukuta. Miezi minne nilikuwa nikigombana juu ya rangi yake, na ukuta wa watu haukuwa na kosa lolote.

Majirani walikuwa wamekuja na sukari, kama ada ya msibani, pakiti kwa pakiti. Nilijaribu kuwarudishia. Hakuna aliyekubali. "Mimi sichukui," alisema jirani wa mkabala. "Nikiichukua itakuwa nangoja nije niilete tena." Nikamwuliza Baba tuifanye nini.

"Sukari ni ya maiti," alisema bila kufungua mlango, "na maiti ni mimi."

Akajaza kopo lake hadi likafurika, iliyobaki akaipanga chini ya kitanda.

Video niliituma kwa binti wa kampuni kwa sababu sikuwa na nyingine. Alinipigia amefurahi mno. Alisema hajawahi kuona hisia za kweli namna ile, hasa mzee anayehimidi kisha anakunywa chai kikombe kizima. Tatizo lilikuwa moja: dele la kahawa linaonekana kila mahali, na wao wanauza chai. Turudie. Na ukuta, akasema, uwe ile rangi ya waridi, wakubwa wameipenda.

Jioni nilimpelekea Baba simu. Nilitaka kumwuliza kuhusu ile alhamdulillahi, lakini nikamwekea video tu. Alivaa miwani akatazama msiba wake mwanzo hadi mwisho. Akaomba nirudishe pale aliposimama na kiganja ukutani. Akapatazama tena. Nikangoja.

"Ukuta wabambuka," alisema. "Pale chini, karibu na mlango."

Nikatazama. Kweli ulikuwa unabambuka. Sijui akili ile niliitoa wapi, mimi ambaye hukurupuka kila mara, lakini nilisema kwa utaratibu, "Nimeuona. Natafuta fundi."

Baba alivua miwani.

"Mafundi wa siku hizi watia maji."

"Ndiyo shida yangu. Tena kampuni yataka waridi."

"Waridi si kazi. Chokaa na udongo mwekundu kidogo, wachuja kwa kitambaa. Lakini iwe waridi ya kweli, mtu akija auguse. Usinipakie tena rangi juu yake kwa simu."

"Na bei?"

Alitaja bei ya kupaka Ngome nzima. Nikapiga mayowe. Akakasirika. Nikatoka, akaniita, nikarudi. Tulipatana bei nusu saa nzima, yeye amekaa kitandani juu ya sukari yake na mimi nimesimama mlangoni, kwa adabu kavu ya watu wasiojuana. Tulipofika bei niliyoiweza, akainua kidole.

"Na chai saa nne. Na chakula cha mchana."

Nilishika mlango. "Chakula nacho ni juu yangu?"

"Lo!" alisema. "Fundi hula kwa mwenye nyumba, hiyo si ya kuuliza. Babako hakukufunza?"

Nikamwambia alinifunza, nilikuwa nimesahau.

Jumatatu alifunga burashi kwenye ufito mrefu asihitaji ngazi, akaanza juu kushuka chini. Mtaa mzima ulipita kumtazama maiti akipaka rangi. Aliwajibu salamu bila kugeuza kichwa. Ukuta ulipokuwa mbichi rangi ilikuwa nzito, na kadiri ulivyokauka ikapungua hadi ikawa waridi ile ile ya kwenye simu, ila hii ilibaki kwenye kiganja.

Saa nne kamili aliweka burashi ndani ya ndoo, akakaa barazani, akakohoa kikohozi cha fundi anayengoja. Nikatoa sinia. Niliipiga picha kwanza, sitasema uwongo, ndiyo kazi yangu, na yeye akangoja kama mtu anayejua kazi ni kazi. Kisha akasema bismillahi, akala hamri la kwanza, la pili, la tatu, akifuta mbaazi kwenye bakuli kwa la nne. Hakunitazama. Mimi nilimtazama kila tonge.

Akanywa chai, akakunja uso.

"Mwenye nyumba!" akaita, na mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake. "Chai ya fundi haina sukari."

Nikakichukua kikombe nikaingia jikoni. Kopo lake lilikuwa juu ya kabati na alama yake ya chokaa, limefurika. Nililia kidogo, maana mimi machozi yako karibu. Kisha nikafungua kopo langu, nikatia vijiko viwili, nikaongeza cha tatu, nikampelekea.